Kiti cha Mbele cha Chatu

Ukipita Boko leo utasikia watu wanakuambia Mauwa Mwishehe alishindana na kompyuta akaibwaga chini. Waongo hao! Wengine hata hawakuwepo, siku hiyo walikuwa kwao wanakula pilau. Mie nilikuwepo. Kidole kilichobonyeza kile kitufe cha kijani ni hiki changu, na nikikitazama nakiambia, wewe kidole, umefanya kazi. Kwa hiyo tulieni niwasimulie mie mwenyewe, Tusajigwe, mtoto wa Kinyakyusa ninayekaa Kibamba, mfunga mikanda wa Bustani ya Mshangao, bustani ya michezo hapa Boko, kwa mwaka wa nane sasa.

Tuanze na Chatu. Chatu ni rola kosta, ile treni ya kuchezea inayovutwa kwa mnyororo hadi juu ya mlima wa chuma, ikifika kileleni inaachiwa iporomoke, inapinda kona mbili, inaruka nundu moja, halafu inarudi kituoni watu wamepiga kelele hadi sauti zimekauka. Ina mabehewa manne, kila behewa watu wanne. Si kubwa. Waliowahi kwenda Ulaya wanaichekaga. Lakini kwa mtoto wa Temeke aliyevaa nguo mpya ya sikukuu, ile ni safari ya kwenda mbinguni na kurudi.

Breki ya Chatu ilikuwa ya mkono. Kwenye kibanda cha kituoni kulikuwa na mtaimbo wa chuma unaofika kiunoni, na kishikio chake cha mpingo kilichongwa na Mzee Polikarpo, Mmakonde wa Newala, mshika breki wa kwanza wa bustani. Ukiuvuta, mbao nene zilizovishwa mpira zinanyanyuka kati ya reli na kuisugua treni kwa chini mpaka isimame. Ukivuta mapema, treni inasimama kabla ya jukwaa, inabidi tutoke kuisukuma, wateja wanacheka. Ukichelewa, inapitiliza jukwaa na kwenda kugonga ukuta wa matairi. Hapo hacheki mtu.

Mshika breki wetu ndiye Mauwa. Kazaliwa Mtoni, wazazi wake watu wa Lindi. Baba yake, marehemu Mwishehe, alikuwa msukuma mkokoteni pale Barabara ya Kilwa: mkaa, nazi, saruji, chochote unachotaka kihame. Mauwa ndiye mtoto wa kwanza, na tangu ana miaka minane kazi yake ilikuwa kumpangia baba mzigo. Anakuambiaga mpaka leo: "Mzigo ukiurundika nyuma, mkokoteni unanyanyua mikono, unakuning'iniza hewani na miguu yako, soko zima linakuona." Kamaliza darasa la saba, shule ikaishia hapo. Akauza vitumbua, akafua nguo za watu, mwisho akaja hapa bustanini kufagia.

Sasa huyu mfagiaji alikuwa na tabia moja. Akiwa na ufagio wake kule kwenye vyoo, mgongo kaupa reli, treni ikipita anasema, "Hii ya sasa nzito." Mzee Polikarpo akienda kuangalia, kweli, kapakia wanakwaya watupu. Mara nyingine: "Hii nyepesi, watoto hao." Kweli, watoto. Mzee akasema huyu mwanamke ana sikio, akamkalisha kibandani. Mwaka mmoja baadaye mzee karudi kwao Newala, Mauwa akabaki na mtaimbo. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya paja lake, taratibu, kama mtu anayepiga ngoma ya siri. Treni ikianza kuporomoka anaanza, ikifika thelathini na moja anavuta. Ikiwa nzito, thelathini. Mvua ikinyesha, ishirini na nane. Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo.

Na jambo la pili, ambalo ndilo hadithi yenyewe, kwa hiyo sikilizeni. Watu wetu hawataki kukaa mbele. Sijui nani alianza, lakini kila anayekuja Boko ameshaambiwa na jirani yake kwamba behewa la mbele ndilo ajali inapoanzia. Wakifunguliwa geti wanakimbilia nyuma, kina mama na mabegi yao, kina baba na vitambi vyao, wanabanana. Mbele panabaki wazi au wanakaa vijana wawili wembamba wanaojifanya hawaogopi. Mauwa alikuwa hakubali. Kila safari anatoka kibandani, anasimama mbele ya treni, mikono kiunoni, anapanga watu kama anapanga magunia ya baba yake. "Wewe baba mwenye kitambi cha amani, njoo mbele. Usinune, nakupa heshima. Wewe bibi harusi kaa kati na mumeo, mtashikana huko huko. Nyie vijiti wawili, nendeni nyuma." Watu wanacheka, wanahama. Mie nafunga mikanda, tunaondoka.

Kila asubuhi, kabla mteja hajaingia, safari ya kwanza ilikuwa ya magunia. Kumi na sita, ya mchanga, kila moja na uzito wa mtu. Mauwa aliyapa majina. Moja anaitwa Shemeji kwa sababu hachangii chochote. Jingine ni Mwenyekiti, kazi yake kukaa tu. Tunawapakia, tunawazungusha, wakirudi salama ndipo tunafungua geti. Watu walituona wehu, lakini kwa miaka kumi na moja ya Mauwa kwenye mtaimbo, Chatu hakuumiza mtu.

Isipokuwa siku moja, nami siifichi kwa sababu yeye mwenyewe haifichi. Siku hiyo Mauwa alikuwa na homa. Alikuja kazini hivyo hivyo, maana nani mwingine angeshika? Akapoteza hesabu. Treni ikapitiliza, ikagonga matairi, mtoto mmoja wa kike akang'oka jino la mbele. Jino la utoto, lilikuwa linatikisika tayari, na mama yake alisamehe. Mauwa hakujisamehe. Alilia kibandani mpaka nikamwita mlinzi tusaidiane kumnyamazisha. Toka siku hiyo nikimwambia, "Da Mauwa, panda na wewe siku moja uone raha," anajibu jibu lile lile: "Nikipanda mie, nani atanishikia breki?" Miaka kumi na moja kawapandisha watu, hajawahi kupanda hata mara moja.

Basi bosi wetu, Bwana Gaspar, hakusahau lile jino. Na watu wa bima hawakusahau. Mwaka huu, Rajabu imeingia, likashushwa kabati la chuma la rangi ya kijivu, limejaa nyaya na taa, na pamoja nalo akaja Injinia Ansbert, kijana wa Bukoba. Msomi, mtanashati, na Kiswahili chake cha polepole kama anasoma taarifa. Akaweka macho ya kompyuta kila mahali kwenye reli: chini ya mlima, juu kileleni, mahali mteremko unapoanza, kwenye nundu, kituoni. Zile mbao za breki akazifungia pampu ili kompyuta izinyanyue yenyewe. Mtaimbo haukuondolewa, ulifungwa kwa pini na kufuli.

Bwana Gaspar akatuita. "Mauwa, umetufanyia kazi nzuri. Lakini dunia inakwenda. Kompyuta haiugui homa. Baada ya Idi utakabidhi ufunguo wa kibanda, tutamweka kijana mwenye cheti. Wewe tutakutafutia nafasi upande wa usafi."

Usafi! Kumrudisha mtu vyooni baada ya miaka kumi na moja! Nilipanda mori, nilitaka kusema neno, Mauwa akanikanyaga mguu. Akasema, "Nimesikia, bosi." Akatoka. Nje akaniambia, "Tusa, mie siogopi ufagio. Ninachoogopa ni kukaa kule vyooni nimsikie Chatu anarudi vibaya na mkono wangu uko mbali."

Na Injinia akaleta sheria zake. Magunia basi, kompyuta inajipima yenyewe. Kupanga watu basi, mteja ni mfalme, akae anapotaka. Mie ningechekelea, kazi imepungua. Lakini wiki ya kwanza tu, Chatu akaanza vituko. Treni inapanda vizuri, behewa la mbele linachungulia upande wa pili wa kilele, halafu kompyuta inapiga king'ora, mnyororo unasimama. Watu kumi na sita wananing'inia juu ya Boko wakitazama bahari wasiyoitaka. Inabidi kupanda ngazi ya pembeni kuwashusha mmoja mmoja, viatu mkononi, matusi mdomoni. Nani anapanda kuwashusha? Mauwa. Kwa sababu ndiye pekee wanayemsikiliza.

Ikatokea Jumamosi mara tatu. Jumapili mara nne. Injinia akabadilisha jicho la kileleni. Ikasimama. Akabadilisha na la mteremkoni. Ikasimama. Akabadilisha nyaya. Ikasimama, safari hii na mchungaji ndani. Skrini ikawa inaandika maneno yale yale: MUDA UMEZIDI.

Nikamfuata Mauwa kibandani nikicheka kama mjinga. "Da Mauwa, umeona? Mungu si Athumani! Kompyuta yao bovu. Mwache bosi akome, atakurudishia mtaimbo wako mwenyewe."

Hakucheka. Alikuwa kakaa, vidole vinagonga paja. "Tusa, si bovu," akasema.

"Si bovu vipi na inasimamisha treni ovyo?"

"Haisimamishi ovyo. Jumatatu hadi Ijumaa, watoto wa shule wanapojaza viti vyote, imesimama? Haijasimama. Inasimama siku za familia. Mbele patupu, nyuma pamejaa. Mbele ikishavuka kilele inatakiwa ivute nyuma, sasa itavuta na nini, hewa? Inachelewa. Kompyuta inaona imechelewa, inasema simama. Inasema ninachosemaga mie siku zote, ila yenyewe haina mdomo wa kumwambia baba mwenye kitambi aje mbele."

Mtu anayefukuzwa kibandani kwa ajili ya lile kabati, ndiye wakili wake! Ningekuwa mie ningekaa kimya, kabati life, nirudishiwe kiti changu. Wallahi ningekaa kimya. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Na siku wakiinyamazisha? Utakaa kimya na siku hiyo?"

Na kweli, ndicho walichotaka kufanya. Ilikuwa Jumanne, siku chache kabla ya Idi. Bwana Gaspar kachoka kurudisha viingilio na kutukanwa kwenye simu. Akamwambia Injinia mbele yetu, "Hiyo kompyuta yako ni mwoga. Umeiwekea sekunde ngapi pale juu?"

"Tisa, mzee."

"Weka kumi na mbili. Idi nataka treni inayotembea."

Injinia akakuna kichwa. Alijua si vizuri, niliona usoni, lakini bosi ni bosi na macho mawili mapya na nyaya vimeshanunuliwa. Akaenda kwenye kabati. Ndipo Mauwa akasimama mlangoni mwa kibanda, kajaza mlango wote.

"Shikamoo bosi," akasema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba magunia yangu."

"Magunia ya nini tena, Mauwa? Tulishaacha mambo hayo."

"Nikae na ufunguo au nikabidhi leo leo, sawa. Lakini kabla mtoto wa mtu hajakaa kwenye hizo sekunde kumi na mbili, wakae kwanza kina Shemeji. Wakirudi salama, nakabidhi sasa hivi na ufagio nachukua mwenyewe."

Bosi akatazama saa. Injinia, Mungu ambariki mtoto wa Bukoba, akasema kwa upole, "Mzee, haitatugharimu kitu. Ni dakika tano."

Tukayatoa stoo, yameshaanza kuliwa na panya. Mauwa akayapanga kama familia zinavyokaa: mbele mawili ya mchanga kidogo, vijana wembamba, na yote yaliyobaki nyuma, yamebanana, Mwenyekiti juu ya mapaja ya Shemeji. Injinia akaweka kumi na mbili. Mie nikabonyeza kijani, kitufe cha kuondosha treni.

Ikapanda. Kileleni ikajivuta, ikajivuta. Mauwa kando yangu anagonga paja. Tisa ikapita. Kumi. Kwenye kumi na moja ikavuka, hakuna king'ora, ikaporomoka. Bwana Gaspar akatabasamu, akasema, "Si hiyo?"

"Subiri irudi, bosi," Mauwa akasema.

Ikarudi. Kompyuta ikanyanyua mbao pale pale inapotakiwa, sekunde hiyo hiyo, haikukosea hata kidogo. Lakini behewa la mbele lilikuwa karibu tupu, jepesi, mbao zinasugua kitu kisicho na uzito, na nyuma kuna tani ya mchanga inasukuma. Ikateleza. Ikapita jukwaa, ikapita bosi, ikaenda kuyapiga matairi kwa kishindo kilichotoa mbwa wa jirani uani. Shemeji akapasuka, Mwenyekiti akaruka akaangukia kwenye maua. Mchanga ukatapakaa jukwaani mpaka kwenye viatu vya Bwana Gaspar, vile vya kung'aa.

Mie nilikuwa natazama kiti cha tatu cha nyuma, ambapo Jumapili nilimfunga mkanda mama mwenye mimba ya miezi mitano. Nikakaa chini.

Mauwa hakusubiri. "Tusa, inuka. Lete magunia ya akiba." Tukapanga upya, mara hii kwa mkono wake: mazito mbele, wastani kati, mepesi nyuma. Akamgeukia Injinia, "Rudisha tisa yako, baba." Akarudisha. Nikabonyeza. Kileleni, saba. Ikaporomoka, ikapinda, ikaruka nundu, ikaingia kituoni ikasimama juu ya mstari mweupe kama imewekwa kwa mkono.

Injinia Ansbert akavua kofia. "Dada Mauwa," akasema, "mimi nimesomea hii kazi miaka mitano. Hesabu ya mahali watu wanakaa haimo humu. Waliotengeneza waliweka kwamba viti vinajaa sawasawa."

"Kwao labda vinajaa," Mauwa akasema. "Hawajui watu wa Dar."

Bwana Gaspar akakung'uta viatu. Si mtu mbaya, ni mbishi tu. "Sawa," akasema mwisho. "Sekunde tisa zibaki. Lakini nikuambie ukweli, Mauwa. Wateja walishazoea kujichagulia viti, hawatakubali kuswagwa mbele. Idi mosi kibanda ni chako. Treni ikisimama kule juu hata mara moja, au watu wakaanza fujo, nafunga Chatu na ufunguo unaniletea. Isiposimama, tutaongea."

Idi mosi ikafika. Jamani, watu! Kuanzia saa tano geti limejaa, wametoka Mtoni, Tegeta, Bunju, mpaka wa kwetu Kibamba. Madera mapya, kanzu, watoto wenye miwani ya plastiki, singeli inapiga kwenye spika mpaka moyo unahama. Tukafungua geti la Chatu. Wakakimbia. Wote nyuma! Kumi na sita wanagombania viti vinane. Mbele patupu.

Mauwa akatoka, mikono kiunoni. "Idi Mubarak, jamani! Haya, wewe baba mwenye kanzu nzuri, njoo mbele nikuone."

"Siendi," baba akasema. "Mbele ndiko wanakofia watu."

"Nani kafa?"

"Hatutaki kuwa wa kwanza!" mwingine akajibu, watu wakacheka. Akajaribu mama mmoja, mama akamvuta mwanawe akambana. Akajaribu vijana, vijana wakageuza nyuso. Foleni nje ikaanza kupiga kelele: twende, twende, mnatuchelewesha. Juu kwenye roshani ya ofisi Bwana Gaspar kasimama, anatazama. Nikasema moyoni, yametimia, ufunguo unaondoka leo, na bado ni safari ya kwanza.

Ndipo dada mmoja wa mjini, kucha ndefu, akapaza sauti: "We mama, kama mbele kuzuri mbona wewe hukai?"

Watu wote wakageuka kumtazama Mauwa. Nami nikamtazama. Nilijua jibu lake, nimelisikia miaka na miaka. Nikalisubiri litoke. Halikutoka. Akageuka akatazama kibanda, ule mtaimbo na kishikio chake cha mpingo, kufuli inaning'inia. Akalitazama kabati la kijivu. Taa zake zote za kijani. Akalitazama muda mrefu, kama unavyomtazama mtu kabla hujamwachia mtoto wako ampakate.

Halafu akavua ufunguo shingoni akanitupia. "Tusa, shika."

"Da Mauwa, unafanya nini?"

"Wapange hawa kumi na tano. Wazito mbele, nyuma yangu. Usiogope, unajua."

"Na nani atashika breki?" Lilinitoka mie, swali lake mwenyewe.

"Yupo," akasema, akaonyesha kabati kwa kidevu. Akapandisha dera lake, akaingia, akakaa kiti cha mbele kabisa. Mikono yake ilikuwa inagonga mapaja. Niliiona wakati namfunga mkanda, na machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Yule baba wa kanzu akanyanyuka. "Kama mwenye mashine kakaa, mie nani?" Akaja akakaa karibu naye. Mkewe akamfuata akinung'unika. Nikapanga waliobaki kwa macho, kama alivyonifundisha bila kunifundisha. Injinia akaniitikia kwa kichwa. Nikaweka kidole kwenye kijani. Nikabonyeza.

Chatu akapanda, tak tak tak. Mie nahesabu kwenye paja langu, sijui hata ninahesabu nini. Behewa la mbele likachungulia, dera la Mauwa linapepea huko juu, la njano, uwanja mzima umeinua shingo. Tano. Sita. Saba! Hakuna king'ora! Akaporomoka, na hapo jamani nikasikia ukelele ambao naamini Tegeta waliusikia. Ukelele wa miaka kumi na moja ulikuwa umekaa kifuani mwa yule mwanamke. Kona ya kwanza, bado analia. Kona ya pili, anacheka. Kwenye nundu mikono yote miwili iko juu, mtu mzima, mama wa watu! Thelathini, thelathini na moja, mkono wangu wenyewe ukaruka kutafuta mtaimbo. Lakini kabla sijaugusa nikasikia mbao zinanyanyuka, zinabana, na treni ikaingia taratibu, ikasimama kwenye mstari mweupe. Si mbele, si nyuma.

Nilikimbia kumfungua mkanda. Akanishika shingo. Uso umelowa, kilemba kimeshatoka, na anacheka mpaka hawezi kupumua.

"Kumbe ndiyo hivi?" akapiga kelele. "Kumbe ndiyo hivi! Miaka yote hii mnafaidi peke yenu!"

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, miluzi. Yule dada wa kucha ndefu ndiye wa kwanza kusukuma watu: "Mie mbele! Mie mbele!" Mbele kukawa na ugomvi, wakataka kupigania viti ambavyo dakika tano nyuma vilikuwa vya wafu. Mauwa akafunga kilemba chake upya, akarudi mbele ya treni, mikono kiunoni. "Haya pangeni foleni, mnanijua! Wewe mwenye kitambi, wewe ndio bosi wangu leo." Idi mosi tulikwenda safari hamsini na mbili. Idi pili, sitini. Treni haikusimama kileleni hata mara moja.

Jioni ya Idi pili Bwana Gaspar akashuka kibandani. Mauwa akavua ufunguo akamnyooshea, maana ahadi ni deni. Bosi akautazama, akaufumbatisha tena kwenye kiganja cha Mauwa. "Nimekosea," akasema, na mie nilikuwa nasikia, alisema neno hilo hilo. "Hiki kibanda ni chako. Huyo mwenye cheti akija, utamfundisha wewe."

Siku hizi ukija utaona kwenye skrini kuna swali ambalo Injinia Ansbert aliliongeza kwa mkono wake: MBELE PAMEJAA? Kompyuta haitoi treni mpaka Mauwa asimame, atazame watu, ajibu ndiyo. Magunia yamerudi, Shemeji kashonwa upya. Vijana wawili wenye vyeti wanakaa kwenye stuli wakigonga mapaja yao, Mauwa anawakoromea wakikosea. Mtaimbo upo pale pale kwa dharura, na mpingo wake anaupaka mafuta kila Ijumaa.

Na kila asubuhi, magunia yakisharudi salama, yeye mwenyewe anapanda safari ya pili. Kiti cha mbele. Mie nabonyeza kijani. Mwanzoni alikuwa akiondoka shingo imegeuka, anatazama kibanda mpaka kipotee. Sasa anatazama mbele tu, mikono juu.